Mita Chini ya Ngozi: Hesabu Iliyojificha Ndani ya In Time

Aliyewahi kupanga chumba chenye LUKU anaijua ile hali ya saa mbili usiku: mita imebaki na uniti moja na nusu, na mwenye zamu ya kununua hajarudi. Friji inazimwa. Pasi inasubiri kesho. Mpangaji mmoja anapita koridoni, anachungulia mita, anarudi ndani bila kusema neno. Baada ya dakika kumi anatoka kuchungulia tena, kana kwamba akiikodolea macho itaona haya isishuke.

Ichukue mita hiyo, iweke chini ya ngozi ya mkono wako, na badala ya umeme iwe inahesabu uhai. Hiyo ndiyo In Time, filamu ya mwaka 2011 iliyoandikwa na kuongozwa na Andrew Niccol, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa ameshatupa Gattaca mwaka 1997 na kuandika hadithi ya The Truman Show ya mwaka uliofuata. Ina bastola, magari yanayofukuzana, mapenzi ya ghafla, na Justin Timberlake anayekimbia kuliko anavyoongea. Wengi waliitazama kama filamu ya mapigano, wakaipenda au ikawachosha, wakaendelea na mambo yao. Mimi nadhani ni somo la uchumi lililovalishwa nguo za mapigano, na sehemu nzuri ya somo lenyewe inapita bila kuonekana kwa sababu ya zile mbio.

Kanuni za dunia hiyo ni chache. Binadamu wamebadilishwa vinasaba, kwa hiyo mtu akifika miaka 25 haonekani kuzeeka tena. Siku hiyohiyo saa ya kijani yenye tarakimu 13 inawaka kwenye mkono wake ikiwa na mwaka mmoja tu, na inaanza kushuka. Ikifika sifuri unaanguka palepale ulipo. Mshahara unalipwa kwa muda. Kahawa, nauli, pango, rejesho la mkopo, vyote ni kwa muda. Mkitaka kupeana mnashikana mikono, na dakika zinahama kama salio linavyorushwa kutoka simu moja kwenda nyingine. Mwenye muda mwingi anaweza kuishi karne na karne na sura ileile ya ujana. Ndiyo maana tajiri Philippe Weis anapowatambulisha mama mkwe wake, mke wake na binti yake, unaona wasichana watatu wa rika moja wamesimama mbele yako, na hujui yupi wa kumpa shikamoo.

Maskini wanakaa Dayton, matajiri New Greenwich, na katikati kuna malango yanayolipiwa. Niccol amejifurahisha kwenye majina. Hamilton, Fortis na Borel, wahusika watatu wa filamu hii, wana majina ya kampuni za saa za mkononi. Greenwich kila mtu anaijua, ndiko dunia inakoanzia kuhesabu saa. Na Dayton halisi, ile ya jimbo la Ohio, ndiko alikokuwa mwenye baa aliyevumbua mashine ya kuhesabia mauzo ya kaunta mwaka 1879. Sijui kama hilo la mwisho lilikusudiwa, lakini limekaa vizuri.

Kuna tukio moja ambalo ukilielewa, filamu yote inafunguka. Rachel, mama yake Will Salas, mhusika mkuu anayechezwa na Timberlake, ametimiza miaka 50. Ametoka kulipa deni, amebakiza saa moja na nusu mkononi, na anakwenda kukutana na mwanawe atakayemwongezea muda. Anafika kwenye basi, anaambiwa nauli imepanda. Jana ilikuwa saa moja, leo ni saa mbili. Kwa miguu pia ni mwendo wa saa mbili. Dereva hampakii. Mama anaanza kukimbia kwenye barabara tupu usiku, viatu mkononi au miguuni hata hukumbuki, na mwanawe anapomwona kwa mbali naye anakimbia kumfuata. Wanakumbatiana kwa kuchelewa sekunde moja.

Mara ya kwanza niliitazama kwenye kibanda umiza, benchi za mbao, jenereta nje. Mzee mmoja nyuma yangu alipandwa na hasira za kweli: "Konda, si umpakie tu, atalipa mbele!" Watu wakacheka. Lakini swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Kwetu konda anaweza kukupakia ukalipa mbele kwa sababu kuna mbele. Huko Dayton abiria asiye na nauli sasa hivi, saa mbili zijazo ni maiti. Mkopo wa nauli unahitaji kesho, na kesho ndiyo bidhaa ambayo Rachel hakuwa nayo.

Tuanze na jambo linaloonekana la haki. Saa ya kila mtu inashuka kwa kasi ileile. Sekunde moja kwa sekunde moja, kwa Weis mwenye karne nyingi na kwa Rachel mwenye dakika tisini. Hakuna anayependelewa. Mtu akisema mfumo huu ni wa haki kwa sababu sheria ni moja kwa wote, utamjibu nini?

Babu zetu wangemjibu, maana waliishi chini ya kanuni hiyohiyo. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, rupia tatu kwa kibanda, na Waingereza walipoongeza kodi ya kichwa upande wa Kenya mwaka 1910, hesabu ilikuwa ya namna hii: kila kichwa kinadaiwa, awe na ng'ombe mia au awe na jembe tu. Serikali ilitaka mapato, ndiyo, lakini ilitaka pia vibarua. Mtu mwenye shamba lake na mifugo yake hakuwa na sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mlowezi. Ukimdai sarafu kila mwaka, na sarafu anazo mlowezi peke yake, umemtengenezea sababu. Saa ya mkononi ya Will inafanya kazi hiyo kwa ukali zaidi. Haidai kila mwaka, inadai kila sekunde, na haihitaji askari wa kuja kukamata mbuzi.

Mfano wa karibu zaidi ni kipande. Kenya, kuanzia mwaka 1920, mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kutembea na kitambulisho chenye kumbukumbu za kazi na mshahara wake, ndani ya kikasha cha chuma alichokivaa shingoni. Wenyewe walikifananisha na kengele ya mbuzi. Bila hicho huondoki eneo lako kwenda kutafuta kazi. Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, neno hilohilo lilikuwa jina la kadi ya siku 30 za kazi: siku uliyofanya kazi inatiwa alama, siku ambayo hukufanya haihesabiwi, na kadi isipojaa hujamaliza mwezi hata kama kalenda imemaliza. Muda wa mtu ulioandikwa juu ya mwili wake, ukisomwa na mwajiri, ukimwamulia avuke lango au asivuke. Hollywood ilikuja kuuchora kwa taa za kijani miaka tisini baadaye.

Kwa hiyo usawa wa kasi ni mtego. Ada iliyo sawa kwa wote ni nyepesi kwa mwenye kingi na ni kifo kwa mwenye kidogo. Na mtego una chumba cha pili, ambacho filamu inakionyesha bila kukisema. Will anafanya kazi kiwandani akitengeneza vyombo vya chuma vya kuhifadhia muda. Muda ulio mkononi unashuka, lakini ulio ndani ya chombo umetulia. Unaweza kukaa kwenye kabati la benki miaka mia ukatoka vilevile. Maskini hana cha kuweka kabatini, maisha yake yote yako kwenye ngozi, yanavuja. Tajiri anabeba mkononi kiasi cha matumizi na mengine yanalala salama, tena yanazaa riba kutoka kwa wale wanaovuja.

Inafurahisha kwamba wazo la pesa inayoyeyuka liliwahi kubuniwa ili limbane tajiri. Silvio Gesell, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyeishi Argentina, aliona kwamba muuza viazi ana haraka kwa sababu viazi vinaoza, wakati mwenye pesa anaweza kungoja. Akapendekeza pesa nayo ioze. Mji mdogo wa Wörgl huko Austria ulijaribu mwaka 1932 chini ya meya Michael Unterguggenberger: noti za mji zilipoteza asilimia 1 ya thamani kila mwezi usipozibandikia stempu. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa nazo, zilizunguka kwa kasi, barabara zikatengenezwa, kodi zikalipwa. Benki kuu ya Austria ikapiga marufuku jaribio hilo mwaka uliofuata. Niccol ameichukua pesa ya Gesell akaigeuza nje ndani. Kwake inaoza mikononi mwa muuza viazi, na kabatini haiozi.

Sasa bei. Asubuhi moja mapema kwenye filamu Will anakuta kikombe cha kahawa kimefika dakika nne, na jana kilikuwa dakika tatu. Kiwandani anapokea ujira pungufu japo ametengeneza vyombo vingi kuliko wiki iliyopita, kwa sababu lengo limepandishwa. Hapa mwanafunzi wa uchumi atasema: mfumuko wa bei. Pole. Mfumuko wa bei tunaofundishwa darasani unatokea pesa zikiwa nyingi zinafukuza bidhaa chache, au gharama za kuzalisha zikipanda. Dayton hakuna pesa nyingi, na hatuonyeshwi kahawa ikiadimika. Bei imepanda kwa sababu kuna aliyeipandisha.

Anayelieleza hilo ni Henry Hamilton, mtu wa miaka 105 aliyechoka kuishi, ambaye Will anamwokoa baa. Anamwambia kwamba gharama zinapandishwa makusudi Dayton ili watu waendelee kufa, kwa kuwa wachache hawawezi kuishi milele bila wengi kufa mapema. Will akilala, Hamilton anamwachia zaidi ya karne moja mkononi, anajibakizia dakika chache, anakwenda kukaa darajani mpaka zinaisha.

Watazamaji wengi wanaisikia hotuba hiyo kama njama ya watu wabaya chumbani. Mimi naona kitu kinachochosha zaidi, na cha kawaida zaidi: ukuta. Bei ya kahawa inaweza kufanywa nne badala ya tatu kwa sababu mnywaji hana pa kwenda. Kutoka Dayton kuna ada, na ada zinapanda kila lango. Usafiri wenyewe umefanywa bidhaa ya anasa. Ambaye hawezi kutoka, muuzaji hamwogopi.

Hilo halihitaji malango ya zege. Nenda duka la Mangi lolote la uswahilini utakuta mafuta ya kupima. Chupa kubwa imewekwa juu ya kaunta, kuna kikopo kidogo na faneli, na mtoto ametumwa na kikombe cha plastiki. Ananunua ya kukaangia leo. Ukijumlisha vikopo mpaka lita itimie, umelipa zaidi ya aliyenunua dumu zima sokoni. Mama aliyemtuma mtoto anaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Tatizo si hesabu, tatizo ni kwamba bei ya dumu inadaiwa yote leo. Vifurushi vya intaneti navyo ni hivyohivyo, na vina ukatili wa ziada unaomkaribia Niccol: bando la siku likifika saa ishirini na nne linakufa, umelitumia au hujalitumia.

Lakini sehemu ya filamu ninayoipenda kuliko zote haina bastola wala bei. Will akiwa na karne yake mpya anafika New Greenwich, anakaa mgahawani, anakula. Mhudumu anamtazama, anatambua kwamba si mtu wa huko. Nguo zake zingeweza kumdanganya, saa yake ingeweza kumdanganya. Kilichomtoa ni kwamba anafanya kila kitu kwa haraka kidogo kuliko wengine. Anatafuna haraka. Nje anatembea haraka, halafu anakumbuka, anapunguza mwendo. Huko watu wanatembea kama wanaosindikiza bwana harusi.

Hapo ndipo methali yetu inapogeuka na kukutazama vibaya. Haraka haraka haina baraka, tumeambiwa tangu chekechea. Ni nani hasa anayeambiwa? Anaambiwa bodaboda anayekatiza taa nyekundu ili awahi abiria wa tano kabla ya kupeleka hesabu ya bosi. Anaambiwa mama ntilie anayewasha moto saa kumi alfajiri. Aliyetuachia methali hiyo nahisi alikuwa na akiba ghalani. Niccol anaonyesha, kwa sahani moja ya chakula, kwamba utulivu unaosifiwa kama tabia njema mara nyingi ni salio tu.

Kuna ushahidi wa jambo la jirani na hilo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata pesa kwa mkupuo baada ya kuvuna, kwa hiyo kuna miezi mtu huyohuyo yuko vizuri na kuna miezi amekaukiwa. Walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno na baada. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi, watu walewale, vichwa vilevile. Kichwa kinachohesabu uniti za mwisho hakina nafasi kubwa iliyobaki. Will anapokosea, anapochukua uamuzi wa papo kwa papo, filamu haimcheki, na mimi naiheshimu kwa hilo.

Upande wa pili haujaachwa. Matajiri wa New Greenwich wana walinzi kila hatua, kwa sababu ajali ndiyo kitu pekee kinachoweza kuwaua. Sylvia, binti wa Weis anayechezwa na Amanda Seyfried, anaishi kando ya bahari ambayo hakuna anayeiogelea. Mtu mwenye miaka elfu ya kupoteza haingii kwenye mawimbi. Utajiri wa namna hiyo umewafanya walinzi wa maghala ya miili yao wenyewe. Will anapomvuta majini usiku ule, ni mara chache kwenye filamu nzima ambapo mtu anautumia muda bila kuuhesabu.

Hapa nifike kwenye tundu, maana lipo, na sijaona likijadiliwa kama linavyostahili.

Muda unatoka wapi? Filamu inatuambia kila mtu anakuja na mwaka mmoja. Haituonyeshi chanzo kingine. Kiwanda cha Will kinatengeneza vyombo, hakitengenezi muda. Tukichukulia kwamba mwaka huo mmoja ndio pesa mpya pekee inayoingia kwenye uchumi, hesabu ni ya darasa la nne. Watu mia wanaleta miaka mia. Mmoja akijikusanyia hamsini, tisini na tisa waliobaki wanagawana hamsini, takriban miezi sita kila mmoja. Rachel ana miaka 50, yaani ameishi miaka 25 tangu saa yake iwake. Ametumia miaka ya watu 25. Hamilton ameishi 80 tangu saa yake iwake, na bado alibaki na zaidi ya mia. Huyo peke yake ameshika miaka ya watu wapatao mia mbili. Hapo hata Rachel, maskini wa kutupwa, ni mla vya wenzake.

Ukienda mbele utagonga mwamba. Hamilton anamwambia Will kwamba muda upo wa kutosha, hakuna anayelazimika kufa kabla ya wakati wake. Kwa kanuni tulizopewa, si kweli. Ukichukua muda wote ukaugawa sawasawa kwa haki kamili, kila mtu anakufa akiwa na miaka 26. Usawa umepatikana na makaburi yamejaa.

Kwa hiyo ama Niccol alikosea hesabu, ama Hamilton alijua kitu ambacho hatukuonyeshwa: mahali fulani kuna bomba. Kuna anayeweza kuandika miaka mipya kwenye saa na anachagua asiandike. Nadhani Niccol hakufika huko kabisa, alikuwa na mbio za kupiga picha. Lakini tundu lenyewe lina faida kuliko lingezibwa, kwa sababu linahamisha swali. Filamu inauliza nani ana kingi na nani ana kidogo. Swali lililo chini yake ni nani aliamua mtoto aje na mwaka mmoja, saa ianze 25, chombo cha chuma kisivuje na mkono uvuje. Weis ni tajiri, ndiyo, lakini Weis hakuibuni saa.

Nusu ya pili ya filamu ndiyo inayodhoofu, na sababu ni hiyohiyo. Will na Sylvia wanageuka majambazi wa benki, wanavunja matawi ya babaye, wanawaachia watu wa Dayton wachukue muda. Inasisimua, na kwa dakika kadhaa unashangilia. Kisha gharama zinapandishwa, na kilichogawiwa usiku kinarudi kilikotoka. Walimwaga ndoo wakaacha bomba mikononi mwa mwenye bomba. Filamu inaliona tatizo, kisha jibu lake ni kutafuta ndoo kubwa zaidi: miaka milioni moja kutoka kabati la Weis mwenyewe.

Zawadi nazo zina hatari yake. Kabla ya hayo yote Will alimpa rafiki yake Borel miaka kumi, mmoja kwa kila mwaka wa urafiki wao. Borel akanywa mpaka akafa, miaka tisa bado ikiwa mkononi. Watu wanaopenda kusema maskini hawajui kutunza wataichukua picha hiyo mbiombio. Mimi namwona mtu aliyeishi maisha yake yote bila kesho, akapewa kesho 3,650 kwa mkupuo. Hakuna aliyemfundisha zinatumikaje.

Nje ya ukumbi wa sinema, mgawanyo wa muda unafanyika bila taa mkononi. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ilitaja vitongoji viwili vya eneo la Glasgow, Scotland. Calton, mwanaume alitarajiwa kuishi miaka 54. Lenzie, kilomita chache tu kutoka hapo, miaka 82. Ni Uingereza, si kwingine, kwenye huduma ya afya isiyotozwa mlangoni. Miaka 28 kati ya vituo vichache vya treni. Nchini Marekani, Raj Chetty na wenzake walichambua kumbukumbu za kodi za mwaka 1999 hadi 2014 na kukuta kwamba mwanaume wa asilimia 1 ya juu kwa kipato, akiwa na miaka 40, anatarajiwa kuishi miaka 14.6 zaidi ya yule wa asilimia 1 ya chini. Kwa wanawake pengo ni miaka 10.1. Na maskini wa New York aliishi kirefu kuliko maskini wa Detroit, kwa hiyo mahali nako kunahesabika, kama malango ya Niccol.

Tofauti na Dayton ni kwamba hakuna anayeuona muda huo ukihama. Hauchukuliwi na mtu aliyekushika mkono. Unakwenda kwenye vumbi la kazini, kwenye mkate wa bei rahisi, kwenye miaka ya kulala saa nne, kwenye kipimo cha presha ambacho hukupima. Weis hana haja ya kuja.

Raymond Leon naye hana haja ya kujua. Ni mlinzi wa muda, askari anayemfukuza Will filamu nzima, na Cillian Murphy anamcheza kwa uso wa mtu ambaye hajawahi kulala vya kutosha. Yeye mwenyewe alizaliwa Dayton. Analinda benki za watu wenye miaka elfu huku akitembea na masaa machache mkononi, kwa sababu serikali inawapa walinzi posho ya siku, kidogo kidogo, wasiwe na cha kuibiwa. Siku ya mwisho ana shughuli nyingi za kuwasaka majambazi hata anasahau kuichukua. Anawapata, ana bunduki mkononi, amewashinda. Anaangalia saa yake. Anaanguka barabarani.

Posho ile aliyosahau Will anaikumbuka, anakimbilia gari la marehemu, na ndiyo inayomwokoa yeye na Sylvia, nao wakiwa na sekunde. Huko nyuma Dayton miaka milioni moja imeshamwagwa, na watu wameanza kupita malangoni. Wakiwa watu milioni moja, kila mmoja amepata mwaka. Ni mwaka uleule aliokuja nao, saa yake ilipowaka kwa mara ya kwanza, na umeshaanza kushuka.